Watoto wa Mvua Katika Banda la Nyavu

Zaituni na Neema, ninyi mnaolishika banda baada yangu, mliponiomba niwaandikie namna ya kukaa na watoto bandani siku za mvua, nilidhani ni kazi ya nusu ukurasa. Nimekaa hapa nyumbani Gungu na daftari la mjukuu, na sasa naona nusu ukurasa hautoshi hata kueleza jinsi ya kumvua sweta lililolowa mtoto wa miaka miwili asiyetaka kuvuliwa. Basi nitaanza mwanzo, nanyi mtanivumilia. Habari za vyeo sina. Niliingia mtunza banda, nikatoka mtunza banda, na katikati hapo hakuna aliyekumbuka kunipandisha wala kunishusha.

Sikuajiriwa kulea watoto. Hilo liwe wazi. Kikundi cha akina mama wa dagaa pale ufukweni Ujiji kilikuwa kinatafuta mtu wa kulinda banda la bati ambamo wao waliweka magunia na turubai, na wavuvi waliweka nyavu. Mimi nilikuwa nimeshuka kutoka Kalinzi, nimezoea kahawa na ukungu, ziwa nilikuwa naliona kwa mbali tu kama kitu cha majirani. Nikaambiwa kazi ni kukaa mlangoni na kuhakikisha wavu wa mtu haubebwi na mtu mwingine. Nikasema hiyo naiweza. Wiki mbili nzima niliiweza.

Halafu ikaja mvua ya kwanza ya Oktoba.

Mnajua mvua ya pale inavyofika. Unaiona upande wa Kongo, nyeupe, inatembea juu ya maji, na una muda wa kufunga kamba za viatu, si zaidi. Dagaa wa kikundi kizima walikuwa juu ya chanja, wamekauka nusu. Dagaa wa namna hiyo wakilowa, hata kuku anawafikiria mara mbili. Akina mama wote walitimka kama wamepigiwa filimbi. Mwenyekiti wao, Mama Asha, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita boti, akapita mlangoni kwangu bila kusimama, akanitupia kitu kifuani.

"Shika huyu!"

Alikuwa mtoto. Kabla sijamgeuza vizuri nijue mbele ni wapi, akaja wa pili, wa tatu, na mwingine akasukumwa kwa mguu kwa sababu mikono ya mama yake ilikuwa imejaa turubai. Nilipopata nafasi ya kuhesabu walikuwa kumi, mkubwa wao miaka mitatu. Na bati likaanza kupigwa.

Nilifanya alichokifanya kila mjinga kabla yangu: nikajaribu kuwafurahisha. Niliimba. Chini ya bati lile, mvua ikishika, hata ukimwambia mtu jambo sikioni anakuuliza "Eeh?" Walichoona watoto ni mwanaume mgeni anafungua na kufunga mdomo. Wawili wakaanza kulia. Nikacheza kama jogoo, nikapiga mbawa, nikadonoa sakafu. Wakalia sita. Nikajificha nyuma ya dumu nikatokea ghafla. Hapo wakalia wote kumi, na mmoja akakojoa juu ya wavu wa watu ambao nilikuwa nimeajiriwa kuulinda.

Kwenye kona alikaa Mama Furaha, mshona magunia. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, kwa hiyo mvua ikija yeye hakukimbia, aliendelea kushona. Alizaliwa ng'ambo ya ziwa, Kongo, na ingawa ameishi Ujiji miaka mingi, bado anasema "batoto". Alikuwa amenitazama tangu mwanzo, sindano kubwa ya gunia mkononi, bila kunisaidia hata kidogo. Baadaye aliniambia hakutaka kunikatiza kwa sababu yeye alikuwa anafurahi sana.

"Umemaliza?" akaniuliza, kwa nguvu ili nimsikie.

"Nimemaliza, mama."

"Batoto hawa hawakukuja hapa kukutazama. Bape kazi."

"Kazi gani? Huyu hata suruali hana!"

Akaninyooshea sindano juu. Bati lilikuwa linavuja sehemu kama nane. Akaninyooshea chini. Kulikuwa na mabeseni na masufuria ya kupimia dagaa. Nikaweka sufuria chini ya tone la kwanza, nikamkalisha mbele yake yule aliyekuwa analia kuliko wote, nikamwonyesha kwa kidole: hili ni lako. Tone likaanguka, *ti*. Akanyamaza. Tone jingine, *ti*. Akatazama juu, akatazama chini, akanitazama mimi kwa heshima, kama vile mimi ndiye niliyeligundua. Baada ya robo saa hakuna aliyekuwa analia, kila mtoto na tone lake, wale wawili waliokosa matone nimewapa vitambaa vya kukausha sakafu, nao wakawa wasimamizi wakali kupindukia.

Mvua ilipokatika, Mama Asha akaingia amelowa mpaka kwenye nyusi, akakuta wanawe na wana wa wenzake wameinama juu ya masufuria kama mafundi saa. Akasimama.

"Boni," akasema, "kumbe una kipaji."

Sikumwambia habari za jogoo. Mama Furaha ndiye aliyemwambia, na kwa msimu mzima, kila nilipopita kwenye chanja, akina mama walinipigia mbawa.

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ambayo haikuwa kwenye makubaliano. Mvua ya Kigoma si ya kubahatisha. Kuanzia Oktoba mpaka Mei, ukiondoa zile wiki chache za mwanzo wa mwaka ambapo inapumzika, nilikuwa na watoto karibu kila siku ya pili. Vifaa nilivikusanya polepole, na hakuna hata kimoja kilichonunuliwa. Maboya ya wavu yaliyopasuka, ambayo mtoto anaweza kuyapanga mstari, kuyavunja mstari na kuyapanga tena mpaka umshangae. Madumu yasiyo na vifuniko. Vifuniko visivyo na madumu. Na hapa niwape siri moja, mtoto wa miaka miwili akipewa vifuniko kumi na dumu moja atajaribu vyote kumi, na hata kimoja kisipoingia hatachoka, ataanza upya kwa matumaini yale yale. Sijawahi kukutana na mtu mzima wa aina hiyo. Gunia tupu la kuburuzwa. Kamba nene yenye mafundo, kila mtoto na fundo lake, kwa ajili ya safari ya kuzunguka banda. Neema, siku yako ya kwanza ulikuja na picha za rangi na spika ya muziki. Picha zililiwa. Spika hukuisikia hata wewe. Sikukucheka, kwa sababu mimi nilikuja na jogoo.

Na wewe Zaituni, uliyepita humo ukiwa mtoto, usijifanye huna historia. Wewe ndiye uliyekunywa tone lako lote, ukaja na sufuria tupu kuniuliza lingine.

Mchezo mmoja tu niliuanzisha mimi mwenyewe, bila Mama Furaha, na ndio ulioniletea balaa. Nilikuwa napanda juu ya dumu nyuma ya wavu uliotundikwa, nimejificha. Mtoto anatambaa chini ya wavu, akifika anapiga kelele, "Shikamoo!" Mimi najibu "Marahaba!" kwa sauti nene ya mzee wa baraza, au nyembamba ya bibi, au ya mtu mwenye mafua. Wanaanguka kwa kicheko, wanatambaa kurudi, wanaanza tena. Wadogo hawakuweza kutamka lote, walisema "Kamoo!" Sheria ilikuwa moja: unasalimia mpaka ujibiwe. Niliona nawafundisha adabu.

Sasa nifike kwa Tatu.

Tatu alikuwa na miaka miwili kasoro, mdogo kwa umbo, mnyamavu, mwenye kipaji cha kulala popote. Mama yake, ambaye sote tulimwita Mama Tatu, alikuwa mwanamke wa maneno machache pia. Chanja zake zilikuwa za mwisho kabisa upande wa kusini, kwa hiyo alikuwa wa mwisho kurudi kila mvua ilipokatika. Siku ya balaa hilo nilipokea watoto kumi na wawili. Mvua ilikuwa fupi na nzito, ikakatika ghafla kama imeitwa, na jua likatoka hapo hapo. Akina mama wakaja kwa mkupuo. Nilikuwa mlango wa mbele nabishana na bibi mmoja juu ya ndala ya mjukuu wake, yeye anasema zilikuja mbili, mimi nasema ilikuja moja. Kwa mlango wa nyuma wavuvi wa boti la Kasimu waliingia kuchukua wavu wao wakaupakie kwenye boti mapema. Sikugeuka. Walikuwa wanafanya hivyo kila siku.

Mama Tatu akafika, akaangalia ndani.

"Tatu yuko wapi?"

Nikasema, "Yupo hapo," nikageuka, na hapo palikuwa na madumu tu.

Nitaandika haya kwa kifupi. Tulipindua magunia. Tulipindua mabeseni, hata yale ambayo paka asingeenea. Nikaita, yeye akaita. Mama Furaha akasimama kwa mguu wake mbovu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Ndipo Mama Tatu akatazama ziwa. Miaka ile maji yalikuwa yamepanda, hayakuwa hata hatua thelathini kutoka mlangoni. Hakupiga kelele. Alikimbia tu, akaingia majini na kanga zake mpaka kiunoni, akaanza kupapasa chini kwa mikono. Nikaingia nyuma yake. Nilichokuwa nawaza sikiandiki.

Mita chache kando yetu wavuvi wanne walikuwa wanaupeleka wavu wao kwenye boti, maji magotini, umeviringishwa mzigo mnene mabegani mwao. Mbele kabisa alikuwa Kasimu mwenyewe, nahodha, mtu mkubwa kama mlango, ambaye aliwahi kuvushwa na dhoruba mpaka ng'ambo akarudi anadai chai. Na hapo, kwenye sikio la Kasimu, wavu ukasema:

"Kamoo!"

Wale wanne wakaganda. Boti likawa linagonga-gonga peke yake.

"Kamoo!" wavu ukasema tena, kwa ukali zaidi, kwa sababu haukuwa umejibiwa.

Kasimu akageuza shingo kuutazama wavu. Macho yalikuwa yamemtoka. Na kwa kuwa alilelewa vizuri, akajibu kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake:

"Marahaba."

Wavu ukacheka.

Aliyekuwa nyuma kabisa akaachia mzigo akakimbilia nchi kavu, hakusimama mpaka kwenye chanja. Lakini Kasimu hakuuachia, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alikuwa anasoma dua, na wavu bado uko begani. Mimi na Mama Tatu tulifika kwa pamoja. Tukapanua mikunjo, na humo ndani, mkavu kabisa, nywele zimejaa magamba ya dagaa, alikuwa Tatu, ameamka kutoka usingizini, ananyoosha kidole kwa Kasimu kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa amejificha.

Ufukwe mzima ulicheka siku tatu. Mtu akimwona Kasimu anamwambia "Kamoo!" naye anatupa chochote kilicho karibu. Mama Asha alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga. Mimi nilicheka pia.

Mama Tatu hakucheka. Alimchukua mwanawe, akamkung'uta magamba moja moja, akanitazama.

"Boni, mimi sikuona cha kuchekesha," akasema, akaondoka.

Kesho yake asubuhi nilienda kwake na Mama Furaha kuomba radhi. Alitukaribisha, akatupa chai, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila hasira, "Nimekusamehe. Lakini simleti tena." Mama Furaha alinibana mkono tutoke, maana nilikuwa nataka kujieleza zaidi.

Hakumleta kweli. Mvua ikija, alimfunga Tatu mgongoni na kukimbia naye. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni hawezi kuvuta turubai kwa kasi ya wenzake, na chanja zake zilikuwa mbali. Mara mbili niliona dagaa wake wamelowa. Mara moja nilimsikia Tatu anakohoa. Wenzake walijaribu kumsaidia, lakini kila mmoja ana chanja zake na mvua haimsubiri mtu. Nilikaa mlangoni nikitazama, nina watoto kumi na mmoja wenye furaha nyuma yangu, nami nilikuwa nimekosa raha kabisa.

Mchezo wa nyuma ya wavu niliufuta. Mlango wa nyuma niliutia kufuli, ufunguo shingoni. Na nikawatangazia wavuvi: hakuna wavu utakaotoka bandani mpaka ufunuliwe wote sakafuni, mbele yangu, kuanzia pembe moja mpaka nyingine. Mlijue hilo neno "wote". Wavu wa dagaa ukiufunua ni uwanja. Kuukunja upya ni kazi ya watu wanne na matusi mengi. Walinipigia kelele, wakasema nimechanganyikiwa, wakatishia kutafuta banda jingine. Aliyewanyamazisha ni Kasimu.

"Fungueni," aliwaambia. "Ninyi hamjawahi kusalimiwa."

Ilipita kama wiki tano. Siku moja mvua ilishuka kubwa kuliko zote za msimu ule, mchana, giza kama jioni. Watoto wote walikuwa ndani, wana kazi zao. Wavuvi watatu walikuwa wanataka wavu haraka, boti lao linavutwa na mawimbi, na mimi nimesimama katikati nawaambia fungueni. Wanafungua huku wananiombea mabaya kwa Kiha, wakisahau kwamba mtu wa Kalinzi anakisikia. Nilipoinua macho, Mama Tatu alikuwa mlangoni. Maji yanamchuruzika, Tatu mgongoni amefunikwa na plastiki, anatoa jicho moja. Sijui alikuwa amesimama hapo muda gani. Alitazama wavu ule ukifunuliwa mpaka pembe ya mwisho. Alinitazama nikipita juu yake kwa mikono na magoti, nikipapasa kila mkunjo, ingawa kila mtu aliona hauna kitu.

Akanyoosha kidole kwenye wavu mwingine uliokuwa kwenye kona, ambao hakuna aliyekuwa akiutaka.

"Na ule."

Wavuvi wakafungua midomo. Mimi nikaufunua. Wote. Akaangalia mpaka mwisho. Kisha akafungua kanga, akamshusha Tatu, akamsimamisha kwenye sakafu ya banda langu, akageuka akakimbilia dagaa wake. Tatu akatembea moja kwa moja mpaka kwenye vifuniko, akakaa. Nilimpa dumu kwa mikono miwili, kama mgeni rasmi. Mama Furaha alikuwa anashona gunia, na nikaona ameshona mdomo wa gunia pamoja na kitako chake. Ilibidi lifumuliwe.

Baada ya hapo miaka ilikwenda bila vituko vikubwa, vidogo tu vya kila siku. Banda lilihamishwa juu zaidi maji yalipoendelea kupanda. Tukapata sakafu ya mbao, na bati jipya ambalo halikuvuja hata kidogo, jambo lililowasikitisha watoto mpaka Kasimu akapanda na msumari kutoboa matundu mawili matatu. Mama Furaha alikwenda kuishi na binti yake Kalinzi, huko nilikotoka mimi. Nikimtembelea ananiambia hewa ni nzuri, kahawa ni nzuri, ila hakuna harufu ya dagaa na usingizi hauji vizuri. Tatu yuko sekondari. Bado anazungumza kidogo, bado analala popote.

Siku yangu ya mwisho nanyi mlikuwepo, lakini mlikuwa nje mnapanga njama, kwa hiyo niwaeleze ilivyoonekana kutoka ndani.

Nilivaa shati la pasi. Nilijiandaa kwa mvua, tena nilijiombea moja nzuri, ya saa mbili hivi, niage kazi nikiwa kazini. Lakini mlichagua kunistaafisha zile wiki ambazo mvua inapumzika. Jua lilitoka asubuhi na halikuondoka. Hakuna wingu. Akina mama walikuwa nje wanageuza dagaa, watoto wanacheza mchangani mbele ya macho yao, hakuna mtu aliyenihitaji kwa lolote. Nilikunja magunia. Nilikunjua, nikayakunja upya. Nilikaa mlangoni kama nilivyokaa wiki mbili za kwanza, mlinzi wa nyavu, na nikajiambia haya ndiyo mambo, mtu haagizi mvua.

Mchana, kama saa nane, akaingia Pendo, yule mama kijana anayeuza samaki wa migebuka. Amejifunika kanga kichwani, anahema, anamvuta mwanawe mkono.

"Mzee, mvua!"

Nikatazama nje. Jua lilikuwa linachoma hadi mchanga unameta.

"Iko wapi, mama?"

"Kubwa kabisa! Nipokelee!" akaniachia mtoto, akatoka mbio.

Nyuma yake akaja mwingine, kanga kichwani, kisha watatu kwa pamoja wakisukumana mlangoni, wanapiga kelele "Yoo, tumelowa!" na mmoja analia kwa sauti, "Dagaa wangu jamani, dagaa wangu!" na dagaa wake wamelala kwenye chanja wanakauka vizuri kuliko siku zote. Watoto wenyewe walikuwa hawaelewi kitu na walikuwa wamefurahi mno. Nilihesabu kumi na wanne. Nikasimama katikati yao, na ndipo bati likaanza kupigwa. Lilipigwa kweli, kwa nguvu, mpaka sikusikia sauti yangu. Nikachungulia dirishani. Kasimu, mvi kichwa kizima, na watu wake wawili walikuwa wamesimama na ndoo za kokoto, wanatupia bati kwa viganja viwili viwili, usoni wako makini kama watu walioajiriwa.

Nikafunga dirisha. Nikawavua watoto masweta ambayo hayakuwa yamelowa, nikawagawia kazi, nikakaa nao chini sakafuni. Mvua ile ilinyesha mpaka karibu saa kumi na moja, mikono ya Kasimu ilipochoka.